Baba mkwe amenialika ufuko wa watu wasiovaa nguo, nimjibuje?

Shangazi, shikamoo.

Naandika nikiwa sina raha, na jambo lenyewe siwezi kumwambia mtu hapa nyumbani wala kanisani. Nina miaka 34, naishi Tabata, nauza vitenge Kariakoo. Kwetu asili ni Tukuyu, ingawa nimekulia hapa hapa Dar. Mume wangu ni Mjerumani, anafanya kazi hapa mjini, tuna mtoto mmoja. Wakwe zangu walikuja harusini, wakala pilau, wakacheza, wakaondoka wakinisifu. Sina tatizo nao hata kidogo.

Sasa Julai tunakwenda kwao, na kwangu ndiyo mara ya kwanza. Mtoto atabaki kwa mama yangu. Kwao ni Rostock, kaskazini kabisa mwa Ujerumani. Kila kiangazi wanakodi nyumba katika kijiji cha Prerow, kando ya Bahari ya Baltiki, na huko huenda kuogelea kwenye ufuko wa FKK. Hizo herufi mimi nilidhani ni jina la hoteli. Mume wangu ndiye aliyenifafanulia, tena huku anakatakata nyanya za kachumbari bila hata kuinua macho: ni ufuko ambao watu hawavai kitu. Baba, mama, wajomba, majirani wa Rostock. Wanaogelea uchi, wanalala juani uchi, wanakula mkate wao uchi.

Juzi baba mkwe akapiga simu ya video. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, mpole, alikuwa fundi wa meli bandarini. Akasema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kwamba wamenitengea nafasi na wangefurahi sana niende nao ufukweni, maana mimi ni mtoto wa nyumbani. Shangazi, nilicheka tu, nikasema "tutaona". Yeye akapiga makofi.

Wewe unajua mila za kwetu. Bibi yangu mzaa baba, akisikia baba mkwe wake anakohoa njiani, alikuwa anajibanza migombani mpaka mzee apite. Jina lake hakulitamka mpaka anakufa. Leo mimi nikae mbele ya baba mkwe bila hata kanga? Na yeye yuko vilevile? Nikiwaza tu masikio yanapata moto.

Lakini nikueleze ukweli wote. Ukiwaondoa wakwe, natamani. Mume wangu anasema upande wa magharibi, nyuma ya msitu, kuna ufuko mwingine unaitwa Weststrand, kimya, hauna hoteli wala muziki, watu wanakaa mbalimbali na wengi hawavai. Amenionyesha picha. Nawaza kuingia baharini bila kitu mwilini, angalau mara moja nijue inakuwaje. Coco Beach naingia na dera, likilowa linanigandama kila mahali na watu wananitolea macho. Halafu najiuliza, nina akili kweli? Nina mshono wa operesheni ya uzazi, tumbo lina michirizi, navaa shanga kiunoni. Nitakuwa mweusi peke yangu. Mtu akinipiga picha ikafika kwenye magrupu ya WhatsApp ya Kariakoo, nitahama mji. Na je, ni dhambi?

Mume wangu hanilazimishi, anasema nifanye ninavyojisikia. Ila naona angependa.

Nisaidie, Shangazi.

Mkamwana, Tabata

*

Marahaba, mwanangu.

Hapo una maswali mawili na umeyafunga fundo moja, ndiyo maana yanakukaba. La kwanza ni baba mkwe. La pili ni bahari. Nitakujibu kila moja peke yake, na majibu yangu hayafanani.

Kwa baba mkwe jibu langu ni usiende. Sisemi hivyo kwa sababu wao ni watu wabaya au wana tabia chafu. Nasema hivyo kwa sababu heshima uliyolelewa nayo ni yako, na huna deni la kuivua ili uonekane mtu wa kisasa. Bibi yako hakujibanza migombani kwa ujinga. Ile ilikuwa njia ya Wanyakyusa ya kumwekea mtu mipaka ndani ya nyumba moja, na mwanamke akijua mpaka uko wapi, analala usingizi. Wewe umeolewa mbali, lakini mwili wako bado unaujua ule mpaka. Ndiyo maana masikio yanapata moto. Ukijilazimisha siku hiyo, hutaogelea, utakuwa unahesabu dakika. Na jioni mezani hutaweza kumpa mzee chumvi bila kuona aibu.

Ila nataka umwelewe na yeye. Mimi nilisoma Rostock miaka ya 1980, ilipokuwa Ujerumani Mashariki, kwa hiyo watu hawa nimeishi nao. Kuogelea bila nguo kwao ni jambo la siku nyingi. Chama cha kwanza cha namna hiyo Ujerumani kilianzishwa mjini Essen mwaka 1898, na mwaka 1920 kisiwa cha Sylt kikatenga ufuko wake. Wanazi walipoingia mwaka 1933 wakavipiga vyama hivyo marufuku. Baada ya vita, serikali ya Mashariki nayo ikajaribu: mwaka 1954 ikakataza kuogelea uchi kwenye pwani ya Baltiki. Watu wakalalamika na wakaendelea kuvua, na kufikia mwaka 1956 serikali ikalegeza, ikatenga maeneo maalumu. Mzee wako alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Amekulia kwenye nchi ambayo vingi vilikuwa vya kuomba kibali, lakini ufukweni mkurugenzi na fundi wa meli walilala kwenye mchanga uleule na hakuna aliyemjua mwenzake kwa suti. Halafu mwaka 1990 nchi zikaungana, watalii wa Magharibi wakaja, baadhi wakachukizwa, na sehemu nyingi za FKK zikasogezwa pembeni. Kwa hiyo mzee anapokwambia wamekutengea nafasi, anakukaribisha kwenye kitu ambacho kizazi chake kilikipigania. Ni heshima kubwa anayokupa. Ndiyo maana hustahili kumkwepa, unastahili kumjibu.

Na hapa pana jambo la haraka. Ile "tutaona" yako hakuisikia unavyoisikia wewe. Hapa Dar ukiniambia tutaona najua hutakuja, na wala sitakuuliza tena. Mjerumani akiisikia huku unacheka, na yeye akapiga makofi, ameshaiandika kwenye kalenda. Siku ya kwanza Prerow ataweka kiti chako kwenye gari. Ukigoma pale mlangoni ndipo utakuwa umemuumiza. Wajerumani wa umri ule hapana ya wazi wanaipokea vizuri mno, wanaijibu kwa "sawa" na mambo yanaendelea. Kinachowachanganya ni mtu anayesema ndiyo kwa mdomo na hapana kwa mgongo.

Nani amwambie? Usimwambie wewe. Kwetu neno zito la kwenda kwa baba mkwe hupitia kwa mtu, na kwa bahati nzuri mtu unaye: mwanawe. Mumeo ampigie baba yake wiki hii, kwa Kijerumani chao, amweleze kwamba kwa kabila la mkewe, mkamwana na baba mkwe hawaonani miili, ni alama ya heshima kubwa, na kwamba mkewe atakuwa nao kwa mambo mengine yote. Asiseme "anaona haya". Haya watataka wakuponye. Aseme ni mila, kwa sababu ndiyo kweli, na mila ya mgeni wataiheshimu. Kisha wewe uwe na kitu cha kumpa mzee badala yake. Mwombe akuonyeshe bandari ya Warnemünde na meli alizokuwa anatengeneza. Au siku yao ya ufukweni wewe baki nyumbani uwapikie wali wa nazi na samaki, wakirudi wamevaa mle pamoja. Nazi ya kopo inapatikana kule, haina ladha ya nazi ya kukuna, lakini inasogeza siku.

Sasa bahari.

Hili la kutamani usilionee aibu. Wanawake wa Tukuyu wameoga mtoni pamoja miaka yote, wanaume upande wao, na hakuna aliyeita jambo hilo uchafu. Kitu kigeni hapa ni kuchanganyika na watu usiowajua, na hicho kina utaratibu wake ambao ukishaujua, hofu inapungua nusu.

Weststrand nakufahamisha. Uko kwenye rasi ya Darß, ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1990, na magari hayafiki. Mnaacha gari kijijini, mnapita msituni kwa miguu au kwa baiskeli, na mwendo si mdogo. Miti iliyo ukingoni imeinamia bara kwa kusukumwa na upepo miaka na miaka. Hakuna vibanda vya chipsi, hakuna miamvuli ya kukodi, kwa hiyo bebeni maji na chakula, na mrudi na takataka zenu. Nendeni siku ya kazi, asubuhi, wewe na mumeo tu, na iwe siku ambayo wakwe wameenda ufuko wao wa Prerow au wamebaki nyumbani, mkubaliane kabisa ili msije mkakutana kwenye mchanga.

Msituni mnapita mmevaa. Ufukweni tembeeni mpaka muone mahali ambapo jirani yenu wa karibu huwezi kuyasikia mazungumzo yake. Tandika, kaa, kunywa maji. Usivue. Tazama kwanza. Utaona wengi ni watu wa makamo na wazee, mmoja anasoma gazeti, mwingine amefungua kopo la saladi ya viazi. Mimi siku yangu ya kwanza nilikaa na gauni langu muda mrefu, na karibu yangu alikuwepo bibi mmoja mwenye miwani ya kusomea, hana kitu kingine mwilini, anamenya yai la kuchemsha. Upande wa kushoto hakuwa na titi. Palikuwa na kovu limenyooka kutoka kifuani kwenda kwapani. Alimenya yai lake taratibu, akalichovya kwenye chumvi aliyoifunga kwenye karatasi, akala, akapangusa vidole, akaingia majini. Hakuna aliyegeuka. Nilikuwa msichana, nilikuja na hofu ya mapaja yangu, na yule bibi alinifundisha zaidi ya mtu yeyote aliyenieleza kwa maneno.

Kwa hiyo mshono wako, mwanangu, nenda nao. Michirizi pia. Pale utaona mishono ya kila aina, matumbo yaliyoshuka, miguu yenye mishipa. Ni hapa mjini, kwenye picha za mitandao, ndipo mwili wa mwanamke aliyezaa unaonekana kasoro.

Shanga, vua. Ziache chumbani, kwenye kisanduku chako. Si kwamba zina ubaya. Ni kwamba ni zako na mumeo, na hazina kazi mbele ya watu. Pia zitaleta maswali, na hutapenda kumweleza mama wa Stuttgart kazi ya shanga siku unayotaka kutulia.

Taulo ndiyo sheria kubwa ya mahali hapo. Popote unapokaa, uwe mchangani, kwenye gogo au kwenye kiti, kaa juu ya taulo au kanga yako. Chukua kanga doti moja. Moja ya kukalia, nyingine ya kujifunga ukitoka majini au ukijisikia umezidiwa. Hakuna anayekulazimisha kukaa bila nguo saa zote. Ukitaka kubaki na kanga mpaka siku ya tatu, baki. Kama uko kwenye siku zako, vaa chupi ya kuogelea, ni jambo la kawaida kabisa.

Wakati wa kuvua, vua ukiwa umekaa, kisha nenda moja kwa moja majini. Safari ya kutoka kwenye kanga mpaka kwenye maji ndiyo ngumu. Na ujiandae: Baltiki si Bahari ya Hindi. Julai maji huwa nyuzi 17 hadi 20 hivi, wakati ya kwetu ni 25 na kuendelea. Utapiga kelele. Chumvi yake ni kidogo sana, hayakubebi kama ya Kigamboni, kwa hiyo usiende kina ukidhani utaelea. Maji kujaa na kupwa kama tulivyozoea hakuna, lakini upepo ukiwa mkali kuna mkondo, na ufuko ule mrefu usitegemee kumwona mwokoaji. Kaa karibu na mumeo.

Jua lao la Julai halizami mpaka saa tatu usiku na zaidi. Usidanganyike na ubaridi wa upepo. Ngozi nyeusi nayo inaungua, na sehemu ambazo hazijawahi kuona jua tangu uzaliwe zinaungua kwanza. Paka mafuta ya kukinga jua, rudia kila ukitoka majini. Tena mkirudi nyumbani mkaguane kupe. Ndiyo, kupe. Msitu ule na majani yake wanao, wanauma watu, na kule wanaambukiza ugonjwa wa Lyme. Angalia nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, kwenye mistari ya nywele.

Kuhusu kutazamwa sitakudanganya. Utatazamwa. Mwanamke mweusi katika pwani ile bado si jambo la kila siku. Wengi watatupa jicho moja, watasema "Moin", salamu ya kaskazini, wewe utajibu hivyo hivyo, na watarudi kwenye vitabu vyao. Kukodoa macho ni utovu wa adabu mkubwa kwao pale. Lakini kila mahali kuna mtu asiye na adabu. Mwanamume peke yake akija kutandika karibu yenu wakati ufuko mzima uko wazi, au akipitapita mara kwa mara, msibishane. Funga kanga, hameni, na akifuata mumeo amwambie kwa sauti. Mambo ya ngono hayana nafasi kwenye ufuko wa FKK. Atakayefanya hivyo hadharani anavunja sheria ya nchi, na wazee wa pale ndio wa kwanza kumfukuza.

Simu zenu wenyewe zikae ndani ya mfuko, zisitoke, hata kupiga picha ya bahari. Hiyo ndiyo adabu ya mahali. Ukimwona mtu ameinua simu kuelekea kwenu, mwambie "Keine Fotos", na mumeo ataongeza mengine. Sheria ya Ujerumani inampa mtu haki juu ya picha yake, na ya mtu aliye uchi wanaichukulia kwa uzito. Ila hatari ya Kariakoo, mwanangu, haitatoka kwa mzee wa Weststrand. Itatoka kwako ukipiga picha ya kumbukumbu, ukaiweka kwenye simu, simu ikaenda kwa fundi kubadilishwa kioo. Usipige. Na usimsimulie rafiki wa dukani, hata yule unayemwamini, kwa sababu habari hii ni tamu mno kukaa kinywani mwa mtu. Mama yako hana haja ya kujua kila ulichofanya na mume wako kwenye likizo.

Umeuliza kama ni dhambi. Mimi si mchungaji. Naona tofauti kubwa kati ya kuvua ili kutamanisha na kuvua ili kuogelea, na nimeona wacha Mungu wakifanya hilo la pili bila kupoteza imani. Lakini dhamiri yako ndiyo itakayolala nawe kitandani Prerow. Ukiwa umekaa pale na moyo ukakataa, ogelea na nguo zako, mle mkate wenu, mrudi. Hujashindwa kitu. Na mumeo umwambie kabla hamjaondoka Dar kwamba inaweza kuishia hivyo, ili asije akaanza kukubembeleza mchangani. Umesema hakulazimishi, ila unaona angependa. Muulize moja kwa moja angependa nini. Huenda anachotaka ni wewe usiwe peke yako nyumbani, basi, na wewe umekaa unabeba mzigo ambao hakukutwisha.

Jambo la mwisho, na hili ni amri ya shangazi. Mkirudi, ladha ya Weststrand isikufanye ujaribu hapa. Si Kigamboni, si Mbudya hata siku ya kazi kisiwa kikiwa hakina mtu. Sheria yetu hairuhusu uchi hadharani, na wavuvi wanaopita na mashua zao hawakukubali kuona hilo.

Mumeo apige ile simu kabla ya Jumapili. Tiketi za Julai zinakatwa, nyumba ya Prerow inapangwa vyumba, na mzee bado anafikiri umekubali.

Shangazi